Mgomba Uliovaa Koti Langu

Sehemu ya saba

Mlioanza nami tangu mwanzo mnanijua, na wengine mmeshaniandikia barua za matusi. Nimezisoma. Endeleeni. Anayenisoma leo kwa mara ya kwanza na asikie kwa ufupi, maana aibu yangu haihitaji maneno mengi.

Mimi ni Wamalwa, dereva wa lori la Mhindi mmoja wa Eldoret, na ugonjwa wangu ulikuwa nguo. Vita vya Hitler vilikuwa vimekwisha mwaka uliotangulia. Kila mwezi nilipeleka unga wa ngano Kongo, hadi Bunia, na kila mwezi nilirudi na kitu cha kuvaa ambacho Eldoret nzima haijakiona. Madereva wenzangu waliogopa mito ya Kongo. Mimi niliogopa vumbi.

Barabarani nilivaa gunia nililolitoboa shingo na mikono, juu ya shati safi. Pasi ya makaa ilikaa chini ya kiti. Kabla ya kila mji nilisimamisha lori, nikanawa, nikapiga pasi juu ya boneti, nikavaa, ndipo nikaingia mjini nikipiga honi.

Kitu kimoja tu kilinishinda, nacho ni kipande. Wazee mnakikumbuka: kile kikopo cha chuma ambacho serikali ilitaka kila mwanamume Mwafrika akining'inize shingoni kama kengele ya mbuzi, na ndani yake karatasi yenye jina lako na alama za vidole vyako. Kikikaa juu ya tai, hiyo tai si tai tena. Basi mimi nilikificha ndani ya shati, kwenye ngozi, hata nikakisahau kama kipo.

Wiki jana nilieleza habari ya Bunia. Fundi alikuwa akinishonea suti ya kijivu, koti la vifungo safu mbili, na bitana, kitambaa cha ndani ya koti, ilikuwa haijafika. Lori lilikuwa tayari kurudi. Nikamwambia Wepukhulu, dereva wangu wa pili, mtu tuliyetahiriwa naye mwaka mmoja: "Rudisha lori wewe. Nitakufuata kwa lori lolote."

Karatasi za mpakani zilikuwa na jina langu, na askari wa mpaka walinijua kwa koti langu refu la rangi ya ngamia. Nikamvua Wepukhulu kipande chake, nikamvalisha changu. Nikamvika na koti. Chake nikakivaa mimi, ili nami nipate cha kuonyesha njiani.

Alicheka sana siku hiyo. "Leo mimi ndiye Wamalwa," akasema. "Nisalimieni kwa adabu."

Akaondoka. Siku nne za fundi zikageuka wiki tano, kwa sababu ya bitana na kwa sababu ya mvua iliyofunga barabara. Hapo ndipo tuliposimama.

* * *

Nilifika Eldoret Jumatano asubuhi kwa lori la watu. Nikashuka kabla ya mji, nikateremka hadi mto Sosiani, nikavua gunia, nikaoga na kuvaa suti mpya. Nilijiangalia majini nikacheka peke yangu. Wiki tano si kitu, nikasema moyoni. Suti kama hii hata mtoto wa mfalme hana.

Mungu alikuwa ananisikia siku hiyo, na wala hakunipiga radi.

Nikaenda moja kwa moja hadi uwanja wa malori wa tajiri wangu. Mlangoni alikuwa amekaa Kipyego, mlinzi, Mnandi mmoja mpole tuliyekuwa tukitaniana naye kila siku. Kichwani alikuwa amevaa kofia yangu. Ile nyeusi yenye utepe wa hariri, niliyoiacha nyumbani sandukuni.

"Kipyego! Nani amekuruhusu kuvaa kofia yangu?"

Aliinua uso. Rungu likamwanguka. Akaivua ile kofia akanitupia.

"Chukua! Chukua kofia yako uniache! Mimi sikuomba, walinipa!"

"Nani alikupa?"

"Baba yako! Ile siku ya kugawa nguo zako!"

Nikacheka. Nilidhani ni utani. "Nguo zangu zigawiwe mimi nimekufa?"

Hakucheka. Aliokota rungu, akanyoosha mkono, akanigusa nalo kifuani kwa ncha, polepole, kama mtu anayejaribu nyoka aliyelala. Aliposikia rungu limekutana na mwili, akapumua.

"Wamalwa," akasema, "wewe ulikufa."

"Kipyego, wacha mchezo."

"Sina mchezo. Lori ilianguka mto huko Kongo, kabla haijafika Uganda. Daraja ya mbao ilivunjika. Wazungu wa huko walitoa mtu kwa maji siku ya tatu, na uso haujulikani tena. Lakini alikuwa na koti yako. Shingoni alikuwa na kipande yako. Wakamzika hukohuko. Koti na kipande vikaletwa hapa, D.C. akaandika umekufa. Mimi mwenyewe nililia. Kwa hii nyasi hapa, nililia."

Nilikaa chini penye vumbi, na suti yangu mpya, na sikuhisi vumbi hilo.

"Na Wepukhulu?" Nilimwuliza kana kwamba sijui.

"Huyo!" Kipyego akatema mate. "Huyo ametoroka. Tajiri anasema yeye ndiye alikuwa anaendesha, akaangusha gari, akaruka, akakuacha ufe. Polisi wanamtafuta. Akishikwa ni jela."

Sikiliza vizuri, msomaji. Rafiki yangu alikuwa amelala kwenye udongo wa ugenini ndani ya koti langu, na nyumbani alikuwa anaitwa mwuaji wangu. Nami nilikuwa nimekaa pale nikiwa na pumzi, na kipande chake kwenye ngozi yangu. Neno moja tu lingemtoa kwenye lawama.

"Lakini kama wewe uko hapa," Kipyego akasema polepole, "nani alikuwa ndani ya ile koti?"

"Sijui," nikasema.

Huo ndio uwongo wa kwanza. Uhesabuni, maana siku hiyo ilikuwa bado asubuhi.

Kipyego akayaacha hayo. "Enda nyumbani kabla polisi hawajakuuliza kipande. Na usipite kwa mlango. Mtu amekwisha kuliliwa hapiti kwa mlango. Hata sisi Wanandi tunajua hiyo."

* * *

Baba yangu, Mzee Kituyi, alikuwa skwota kwenye shamba la Mzungu upande wa Chepsaita. Alikuwa ameendesha maksai wa plau kwa miaka kumi na minane, na Mzungu akampa ekari mbili za kujilimia. Hapo ndipo nilipomwacha mke wangu Nelima na binti yetu Nangila wa miaka mitatu, kila nilipokwenda Kongo.

Njia nzima nilitaka kitu kimoja. Sikutaka kazi, wala kofia, wala masanduku yangu. Nilitaka kuingia kwangu, nikae kwenye kigoda changu, mtoto apande gotini. Nilijiambia kwamba nikishaingia ndani nitasema kweli yote, polepole, nikiwa nimeshiba.

Nilifika kama saa tisa mchana. Kabla sijaona mtu, niliona kaburi. Kando ya nyumba yangu, udongo mwekundu, bado haujaota nyasi.

Kisha nikamwona Baba akitoka zizini. Alikuwa amevaa suruali yangu ya kahawia, ile yenye mapindo chini, niliyoinunua Kampala. Ameikata magotini ili isishike matope.

Hakukimbia. Aliinua mkono.

"Simama hapohapo."

"Baba, ni mimi."

"Najua ni wewe. Mzimu hafungi tai. Nimesema simama."

Nikasimama nje ya ua. Yeye akasimama ndani. Kati yetu palikuwa na fito tu, na mtoto angeweza kuziruka.

"Unaona lile kaburi?" akasema. "Ndani ni mgomba. Mwili haukuja, na mwana wangu siwezi kumwacha bila kaburi, apotee kama ng'ombe. Nikaenda mtoni nikachagua mgomba mrefu kama wewe. Nikaukata mwenyewe. Nikauvika koti lako, nikafunga vifungo kimoja kimoja, vile ulikuwa unapenda. Wanawake walilia mgomba, Wamalwa. Mimi na uzee wangu nililia mgomba."

Nililia, naye akaniacha nilie, wala hakunikaribia.

Kelele zikamtoa Nelima jikoni. Alikuwa amenyolewa kichwa chote kama wajane wanavyonyolewa, na amefunga shuka kuukuu kiunoni. Mke wangu, niliyekuwa nikimletea vitambaa vya maua kutoka Bunia. Aliniona, akashika mwimo wa mlango kwa mikono miwili.

"Ulikuwa wapi?" Sauti ilikuwa ndogo sana.

"Nilikuwa mgonjwa, Mama Nangila. Homa ilinishika Bunia. Sikuweza hata kusimama."

Alinitazama kutoka viatu mpaka kola.

"Na hiyo suti ulipimwa ukiwa kitandani?"

Baba aligeuza uso. Huo ulikuwa wa pili, na haukufika mbali.

Nyuma ya Nelima alitoka Nanyama, mke wa Wepukhulu, amembeba Nangila wangu ubavuni. Baadaye niliambiwa kwamba tangu habari ya kifo changu ifike, Nanyama alihamia pale. Yeye ndiye aliyekuwa akiteka maji, akipika, akilala na Nelima asije akajidhuru. Kanisani kwao watu walimsema kwamba mumewe ndiye aliyeniua. Yeye akainamisha kichwa, akaendelea kuteka maji.

Aliponiona, alimweka mtoto chini, akapiga kigelegele mpaka mbwa wakabweka.

"Shemeji! Uko hai! Basi Wepukhulu naye yuko! Si nilisema? Nelima, si nilikwambia? Nilisema mume wangu hawezi kumwacha mtu majini!"

Akaingia ndani mbio, akatoka na shati. Shati langu jeupe, la kola ngumu, limekunjwa vizuri.

"Siku ya kugawa nguo walinipa hili," akasema, akinionyesha juu ya ua. "Wengine walikataa nisipewe. Mzee Kituyi akasema apewe, Wepukhulu alikuwa kama mwanangu. Sijalivaa, shemeji. Sijampa mtu. Nimemwekea yeye akirudi avae. Yuko wapi? Umemwacha wapi?"

Nilimwangalia Nanyama. Meno yote nje, macho yamejaa maji ya furaha. Semeni ninyi mlio wema, mngemjibu nini?

"Yuko Bunia," nikasema. "Yuko mzima kabisa. Jumamosi atafika."

Akapiga kigelegele kingine. Akamshika Nelima mikono, wakazunguka naye pale uani, yule mwenye kichwa kilichonyolewa na yule mwenye shati mkononi. Nangila naye akarukaruka, hajui anarukia nini. Akanyoosha mikono kuniita. "Baba! Baba!"

Nikainua mguu nivuke ua.

"Rudisha huo mguu," akasema Baba.

* * *

"Tumebatizwa, ndiyo," akasema Baba. "Lakini mtu aliyeliliwa haingii nyumbani hivi hivi. Kondoo atachinjwa hapa uani. Utapakwa majani yaliyo tumboni mwake. Utanyolewa. Kisha utapita nyuma ya nyumba, tutoboe ukuta, uingie kama mtoto anayezaliwa. Ndipo utakuwa mwanangu tena."

"Nifanyieni hata sasa, Baba."

"Ngoja. Kuna swali kwanza." Alikuwa amekwisha kumfungua kondoo mtini, ameshika kamba. "Mtu alikufa na koti lako na kipande chako. Ni mtoto wa nani?"

Nikapangusa vumbi kwenye mkono wa koti.

"Kondoo huyu hachinjwi juu ya uwongo, Wamalwa. Ukidanganya mbele yake, kile kifo ulichokikwepa kinaingia pamoja nawe. Na hakitakuchukua wewe. Wewe umeshazikwa." Akaelekeza kidole kwa Nangila. "Kitamchukua huyo. Sasa sema. Nani alikufa?"

Nanyama alikuwa ameacha kucheza. Alikuwa akinitazama kwa huruma, jamani. Kwa huruma! Alidhani nimechoka kwa safari.

Niliwaahidi wiki ya kwanza kwamba sitaficha kitu, nami sifichi. Nilimtazama mtoto wangu, nikamtazama kondoo, nikasema: "Mwizi. Usiku mmoja Bunia niliibiwa koti na kipande. Kumbe huyo mwizi alipanda lori kwa siri, akafa nalo."

"Na lori liliendeshwa na nani?"

"Na... na mtu mwingine. Mkongo. Wepukhulu alibaki kuniuguza."

"Njia ya mwongo ni fupi," akasema Baba, si kwa ukali. Alisema kama mtu anayetaja hali ya hewa. Kisha akaita: "Haya. Vua."

"Nivue nini?"

"Kila kitu ulichokuja nacho. Nguo za mtu aliyetoka kwa wafu haziingii kwangu. Zinachomwa. Nelima, niletee blanketi. Nanyama, leta moto."

Nyinyi mtacheka. Nilikuwa nimesema uwongo juu ya kichwa cha mwanangu na sikutetemeka, lakini niliposikia suti itachomwa, nilitetemeka.

"Baba, hii ni mpya. Haijawahi kukaa kwa wafu. Nimeivaa leo tu."

"Vua."

Nikavua koti. Vifungo safu mbili, bitana ya hariri niliyoingoja wiki tano. Nikaliweka kwenye nyasi likiwa limekunjwa. Baba akalikunjua kwa mguu. Nikavua kizibao, nikavua tai, viatu na soksi. Nikavua shati. Wanawake waligeuka kando, nikavua suruali, nikajifunga blanketi alilonirushia Nelima. Baridi ya Chepsaita ikaniingia mifupani.

"Na hicho," akasema Baba.

"Kipi?"

"Hicho cha shingoni. Ulisema kipande chako kiliibiwa. Hicho basi ni nini?"

Nilishika kifua. Wiki tano kilikuwa kwenye ngozi yangu na nilikuwa nimekizoea kabisa. Nilikuwa nimekificha kama nilivyokificha siku zote, ili tai ikae vizuri.

"Ni... ni cha bandia, Baba. Nilikinunua, ili nipite njiani."

"Basi kiungue na vingine." Akanikata kamba shingoni kwa kisu chake, akakitupa juu ya suti.

Nanyama akaja na kijinga cha moto kutoka jikoni, akikipuliza. Alikuwa bado na furaha yake. Alikuwa akimwambia Nelima kwamba Jumamosi atachinja yule jogoo mwekundu, Wepukhulu anapenda shingo. Akainama kuweka moto chini ya koti.

Hakuweka.

Alibaki ameinama. Moshi ulimpiga usoni wala hakupepesa. Akaweka kijinga kando, kwenye udongo, akachukua ile kamba ya kipande kwa vidole viwili. Kamba za vipande zilikuwa za serikali, za katani, zote sawa. Hii ilikuwa ya nyuzi nyekundu na nyeusi, imesokotwa kwa mkono, na katikati ina mafundo matatu.

"Kamba hii niliisokota mimi," akasema.

Akaigeuza mpaka yale mafundo yakakaa kiganjani.

"Ile ya katani ilikuwa inamkata shingo. Nikafumua shuka langu la ndoa pembeni, nikamsokotea. Mafundo matatu, ya watoto wetu watatu."

Akainuka. Alikuwa hana kelele. Laiti angenipigia kelele.

"Wamalwa." Hakuniita shemeji. "Jumamosi mume wangu atavuka mpaka na kipande gani?"

Nelima alikuwa amemnyanyua Nangila, amemficha uso begani, akirudi nyuma hatua kwa hatua mpaka akafika mlangoni.

Baba hakunitazama. Alimtazama Nanyama, kisha akalitazama lile kaburi la mgomba. Akaifungua kamba mkononi mwake, akamwachilia kondoo aende zake malishoni.